Kibao cha Mlangoni Mwangu

Mama Régine,

Nakuandikia kwa sababu hapa chuoni sina tena ninayeweza kumtazama usoni. Mimi ni mwalimu wa hesabu katika chuo kikuu, utafiti wangu wa maisha ni namba tasa, na tangu uporaji ulipofagia maktaba yetu na mishahara ikakatika nafundisha kwa kumbukumbu tu, basi wafadhili walipoleta kompyuta wakasema chumba cha mashine hizo ni cha watafiti wa fani ya kompyuta peke yao, nami, ili nisiachwe nje, kwa kuwa kwetu kila mwalimu huandika fani yake kwenye kibao cha mlangoni, nikang'oa changu nikabandika kingine: "Lugha za Kompyuta", ingawa hata kuiwasha mashine naomba nisaidiwe.

Emmanuella, binti wa wauza samaki wakavu wa Pweto, akakisoma, akanichagua nimsimamie tasnifu. Kila akija na swali nasingizia umeme. Wenzake wanamcheka. Juzi akaniambia, bila kunishuku: "Papa Prof, banasema hauyue ile kazi. Nilibaambia muende musome ku mulango yake." Yaani wanaosema siijui kazi amewatuma wakasome kibao changu.

Mwenzangu Sylvain anaijua fani hiyo barabara, lakini nilimkejeli mkutanoni kwamba yeye ni fundi wa mashine, si mtafiti. Binti anatetea tasnifu yake baada ya Pasaka, nami nimefikia kuwaza nimwambie hana kipaji, arudi kwao. Nifanye nini?

Adalbert, Katuba

Papa Adalbert,

Kibao naweza kukusamehe, dhiki ilikusukuma. Hilo la mwisho ulilowaza ni uovu, nami sitalipamba. Msichana anakutetea mbele ya wanaomcheka, nawe unataka aamini kwamba asiyejua ni yeye?

Dawa unaijua, jina la Sylvain umeliandika mwenyewe. Kinachokuuma ni kubisha hodi kwake. Nenda kesho, pamoja na Emmanuella, maana ukienda peke yako utaipunguza habari. Sema mbele yao wote wawili: "Kazi hii siijui, Sylvain anaijua, na nilimtukana bure." Akicheka, mwache amalize. Kisha umwombe ampokee binti.

Ukirudi, kibandue kibao. Namba tasa si fani ya kuonea haya. Chumba cha kompyuta utakikosa, kubali. Na siku ya kutetea tasnifu kaa nyuma ukumbini. Emmanuella atakapomshukuru msimamizi wake atamtaja Sylvain, nawe utapiga makofi kama wengine.