Mikono Miwili ya Kulia

Jumatatu, 3 Machi

Dada yangu kanirudishia mkasi leo! Kauweka mezani mbele yangu, akageuka kumpokea mteja. Tangu niache pombe nimekuwa nikishona vifungo na kupiga pasi kama mwanafunzi wa juzi — mimi, niliyewafundisha nusu ya watu wa karakana hii kukata nguo! Sawa. Nilijitakia, na karakana ni yake. Lakini niliposhika ule mkasi mkubwa nilitaka kuubusu.

Jioni rafiki yangu Kicheko, fundi mwenzangu, akanikonyeza kutoka kwenye mashine ya ovaloki. Eti mkasi haupokelewi kavukavu, lazima uoshwe. Twende tukauoshe, moja tu. Nikamwambia nimeacha, na anajua nimeacha. Akasema anajua, lakini yeye hajaacha, na kiti changu pale baa kimekaliwa na muuza mitumba mmoja, mtu hata kucheka hajui.

Nilicheka. Kisha nikarudi nyumbani peke yangu kwa njia ndefu, ya nyuma ya soko, isiyopita baa.

Jumatano, 5 Machi

Siwezi kujidanganya mwenyewe: naitamani. Ile ya kwanza, baridi, chupa inatoka jasho. Mate yananijaa hata nikiandika.

Lakini zaidi natamani ule wakati wa baada ya kazi. Mimi na Kicheko, tumevua viatu chini ya meza, ananiigizia wateja. Yule anayetaka gauni la kumbana lakini hataki kupimwa kiuno! Yule aliyeleta kitambaa cha blauzi akitaka atoke na suti! Tulicheka mpaka mwenye baa akaja kutuomba tupunguze. Miaka yote hiyo tulikuwa chanda na pete. Sasa jua likizama najikuta nimekaa ukingoni mwa kitanda na kikombe cha chai, namsikiliza jirani akigombana na redio yake.

Kila mtu alinipongeza kwa kuacha. Hakuna aliyeniambia kwamba nitaacha na watu.

Ijumaa, 7 Machi

Ijumaa ndiyo siku mbaya kuliko zote. Tangu asubuhi mwili unajua ni Ijumaa.

Nesi wa zahanati alikuja kuchukua sketi za timu yao ya mpira wa pete, timu ya kina mama. Wote wamepita arobaini. Nikamuuliza mnacheza kweli au mnapigia picha? Akanitazama juu mpaka chini kama anayenipima homa. Anasema mfungaji wao kateguka mguu, mimi mrefu, nije Jumapili uwanja wa shule. Nikasema ng'o. Mimi na mpira tuliachana darasa la saba.

Jioni nilisimama njia panda. Kushoto soko, kulia baa. Nilimsikia Kicheko akicheka huko ndani, kicheko chake kile kinachoanza na kikohozi. Nilitaka kujua kachekeshwa na nini. Mungu wangu, nilivyotaka kujua! Nikageuka kushoto na machozi yananitoka, mtu mzima mimi.

Jumapili, 9 Machi

Nimekwenda! Nyumba ilinishinda, nikaona bora nikaaibike hadharani kuliko kukaa.

Hee! Mpira uliponifikia mara ya kwanza nilisahau kila kitu nilichofundishwa shuleni. Nikaukumbatia nikakimbia nao kama nimeuiba. Uwanja mzima unapiga kelele simama, simama! Na mimi nadhani wananishangilia, naongeza mbio. Refa alijaribu kupuliza filimbi akashindwa kwa kucheka. Nikateleza, nikakaa chini kwa makalio, mpira bado kifuani. Nesi akaja kuniinua akaanguka juu yangu. Tukalala pale mavumbini tukicheka mpaka mbavu zikauma.

Nilicheka hivyo bila kunywa kitu. Niliporudi nyumbani bado nilikuwa nacheka, peke yangu, naosha magoti.

Kisha nikanyamaza. Nilitaka Kicheko awe ameona.

Jumanne, 11 Machi

Leo ni leo.

Tuna gauni la harusi la mwalimu mmoja, anaolewa Jumamosi. Satini, mikono mirefu mipana kama kengele. Kitambaa kilikuwa kidogo, hakikutosha kukunjwa mara mbili, kwa hiyo mikono nilikata mmojammoja. Kila fundi anajua: ukikata hivyo, ukimaliza wa kulia unageuza pateni ya karatasi ndipo ukate wa kushoto. Hilo nalijua hata nikiwa usingizini.

Lakini nilikuwa namsimulia Kicheko habari za Jumapili. Nilikuwa naigiza! Nilikata mkono wa kwanza nikafika kwa refa na filimbi yake, Kicheko akazima mashine, amejishika tumbo, machozi yanamtiririka — kicheko chetu cha zamani, kilekile, mchana kweupe, kazini! Nikaweka pateni tena, nikakata, raha imenijaa mpaka vidoleni. Kisha nikaiweka ile mikono kifuani kwangu.

Yote miwili ya kulia. Satini ina uso mmoja tu wa kung'aa, huwezi kuigeuza. Na kitambaa kimekwisha.

Dada akaja. Akatazama mikono, akanitazama mimi. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alinisogelea, akaninusa. Mbele ya watu wote, kama anavyonuswa samaki sokoni. Akasema harufu ya pombe anaisikia, niuache mkasi.

Na harufu ilikuwepo! Hata mimi niliisikia. Kicheko alikuwa kapita mahali wakati wa chakula cha mchana. Nilimtazama. Akainamisha kichwa, akawasha mashine, akaendelea kushona.

Sikumchongea. Nimerudi kwenye vifungo.

Jumatano, 12 Machi

Kama ninanuswa, bora ninuke! Ndivyo nilivyojiambia siku nzima. Nashona kifungo, nasema bora ninuke. Dada hajanitazama. Kicheko hajanitazama.

Nilipotoka sikuzunguka soko. Nilipita njia fupi, mwendo wa haraka, pesa nimeifumbata mkononi. Nilifika mpaka mlangoni. Namkuta Kicheko amekaa pembeni, viatu miguuni, mkoba begani kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Hacheki. Muuza mitumba anamsemesha, hasikii.

Sijui nilitegemea kukuta nini. Nadhani nilitegemea kutukuta sisi wawili.

Nilirudi nyumbani. Kinywa kikavu, hasira bado zipo. Sijanywa. Lakini sitaki mtu anipongeze leo.

Alhamisi, 13 Machi

Asubuhi kabla hatujafungua mlango wa wateja, Kicheko kasimama katikati ya karakana. Kasema harufu ya juzi ilikuwa yake. Kasema mimi sijagusa, na kama Dada anataka kunusa, aje anuse kwake, hata sasa hivi. Wote tumekodoa macho.

Dada akakaa. Kisha akamwuliza kama mikono nayo ameikata yeye. Kicheko akasema hapana, mikono ni upumbavu wa huyu — akaninyooshea kidole — na upumbavu si pombe. Nilicheka kwa pua, sikuweza kujizuia.

Na ni yeye aliyepata dawa. Akatandika ule mkono wa pili mezani, akaniambia nitazame kengele yake ya chini, ilivyo pana. Tukate mkono mfupi wa kushoto humo humo, na wa kulia tuufupishe ufanane. Nikapima. Unatosha! Unatosha na pindo! Tulimpigia mwalimu simu, akasema afadhali, joto lingemuua.

Dada hajui kuomba radhi, hajajua tangu utotoni. Lakini baada ya chakula nilimkuta nje na jiwe, yeye mwenyewe ananoa mkasi wangu, anaujaribu kwenye vipande vya satini. Akanikabidhi, akasema tu mkali huo, niangalie vidole. Kicheko kapelekwa kwenye vifungo. Hakubisha.

Hatujazungumza, mimi na yeye. Lakini tulipofunga alisimama mlangoni kidogo, kama anayetaka kuuliza kitu.

Ijumaa, 14 Machi

Gauni limetoka. Mwalimu alijigeuza mbele ya kioo mpaka akapata kizunguzungu.

Tulipofunga nilishika njia ya soko kama kawaida, nikasikia viatu nyuma yangu. Kicheko. Akasema anataka kuona hiyo njia ninayoipenda kuliko yeye. Nikamwambia siipendi, inanuka samaki. Tukatembea. Njia nzima hakunitania hata mara moja, na Kicheko asiponitania naogopa.

Sasa yuko kwangu! Tangu niache hajawahi kukanyaga hapa. Kavua viatu mlangoni, kauliza kama Jumapili wanaruhusu watu kuja kutazama tu. Nikamwambia waje, wajae, watazamaji wenyewe hatuna. Akaweka mkoba mezani.

Mkoba ukalia. Chupa hiyo. Naijua sauti ya chupa hata ukinifunga kitambaa machoni. Soda? Nayo huja kwa chupa. Hakusema, mimi sikuuliza. Kaenda kunawa.

Naandika ili mikono ipate kazi. Mkoba uko hapa, umbali wa kiwiko. Zipu haikufungwa vizuri. Ningeweza kuchungulia. Sitaki. Nikichungulia nitajua, na nikijua itabidi niseme, na nikisema labda atavaa viatu aondoke. Namtaka akae! Namtaka hapa Ijumaa hii yote, na ile nyingine, na nyingine. Sikujua kama mtu anaweza kumtamani mtu aliye chumba cha pili.

Ikiwa ile, namwambia hapana. Hata akiondoka. Nimeshasema, nimeandika. Hapana.

Maji yamefungwa. Anapita jikoni, nasikia kabati linafunguliwa.

Anauliza glasi ziko wapi.