Mikunjo Ambayo Haijakatwa

Jumatatu, 6 Mei

Ndugu zangu wa katoni na gundi, wapiganaji wenzangu dhidi ya vitabu vinavyouzwa kama sabuni – hivyo ndivyo ningefungua hotuba kama ningekuwa na watu mbele yangu. Sina. Nina rafu. Nimeihutubia rafu. Imenisikiliza kwa heshima kuliko Baraza la Wanafunzi lilivyowahi kunisikiliza, na kama Baraza, haikuchukua hatua yoyote.

Siku nzima nimepanga vitabu. Kwanza kwa miji: Rosario, Córdoba, Resistencia, Montevideo. Kisha kwa rangi. Kisha nikavirudisha vilivyokuwa. Vyote ni vya wachapishaji wadogo – watu wawili na mashine jikoni, watu wanne na mkasi. Kimoja kina jalada la katoni ya ndizi, na neno Ecuador bado linasomeka juu ya jina la mshairi. Kingine kimeshonwa kwa uzi wa kuvulia samaki. Zamani ningemweka mgeni kitako nikimweleza kwa nini uzi ule ni msimamo wa kisiasa. Leo ni uzi.

Najua nilivipenda. Najua kama mtu ajuavyo tarehe ya vita ambavyo hakupigana.

Fermín alifariki mwezi wa tatu. Baiskeli, lori, barabara ya mzunguko wa jiji. Tulikuwa wapenzi tangu mwaka wa kwanza kitivoni. Mazishini nilisoma tamko. Watu walisema ni tamko zuri. Sijalia. Hilo si shutuma, ni taarifa.

Jumatano, 8 Mei

Olmedo, mchapaji, ameniita karakanani kwake, mtaa wa Refinería. Ndiko Fermín alikochapisha kitabu chake cha mashairi, cha kwanza na, sasa, cha mwisho. Olmedo anataka kukichapisha upya kabla ya tamasha la wachapishaji wadogo, mwezi wa sita.

“Tatizo, Mheshimiwa Katibu,” akasema – huniita hivyo tangu nilipowahi kuhutubia juu ya meza yake nikavunja mguu wa meza – “tatizo ni kwamba hatuna cha kuchapisha.”

Nikamwuliza mswada uko wapi.

“Mswada gani? Humjui mtu wako? Alisimama hapo, kwenye visanduku vya herufi, akaokota herufi za risasi moja moja, akatunga papo hapo. Akichoka anakwenda kuvuta sigara. Akirudi anafuta mstari.”

“Na herufi zenyewe?”

“Zimerudi visandukuni. Wiki iliyopita zilitangaza mgomo wa watu wa reli.”

Nilidhani nitahisi kitu hapo. Nilitazama visanduku. Vilikuwa visanduku.

Olmedo akanimiminia chai ya yerba, akaniuliza kama nakala yangu ninayo. Ninayo. Basi umeisoma. Sijaisoma. Mikunjo haijakatwa.

Akaliweka birika chini. Kwa karakana ile, msomaji asiyekata ni jambo zito. Olmedo hukunja karatasi kubwa, huzishona, na hapo kazi yake huishia. Kurasa huachwa zimeshikana, ili msomaji achukue kisu na kumalizia mwenyewe. Itikadi yake ni kwamba kitabu kilichomalizwa na mchapaji peke yake ni bidhaa. Lakini kuna watu hununua vitabu vya namna hiyo na kuviacha vimefumba, kwa kuwa vikikatwa thamani hushuka. Nimewaita hadharani mabepari wa karatasi. Nimewaita mengi zaidi.

“Alinipa katikati ya joto la Februari,” nikasema. “Akaniambia nisikifungue kwa jasho, ningoje baridi.”

Olmedo akatazama koti langu, skafu yangu, dirisha lenye ukungu. Akalirudia birika. Ana adabu zake.

Jumamosi, 11 Mei

Msako wa nakala nyingine, ili yangu ibaki ilivyo; Olmedo hakubakiza hata moja. Ximena, mwenzetu katika kundi la wasomaji, ndiye anayeuongoza. Mimi nafuata.

Hapa lazima niandike kwa usahihi, kwa sababu ni ushindi wetu mkubwa kuliko wote. Kundi letu lina desturi: kitabu kikisomwa huachiliwa. Benchi la bustani, kiti cha basi, chumba cha kungojea hospitalini. Ndani ya jalada hugongwa muhuri: USINIRUDISHE. NIPITISHE. Fermín alitupatia nakala moja moja za kuonja, kisha tukaziachilia zote mjini, isipokuwa yangu ya zawadi, siku moja, kwa nyimbo. Wengine hatukuwa tumemaliza hata kuzikata. Tulisema umma ndio utakaozikata.

Na umma umetii. Miaka yote tunauomba umma uje kwenye maandamano, hauji; uchague orodha yetu ya wagombea, hauchagui. Umeambiwa upitishe kitabu, umepitisha.

Kinyozi wa mtaa wa Salta alikuwa nacho. Akampa mteja.

“Mteja yupi?” Ximena akauliza.

“Mwenye upara.”

“Mwenye upara anafanya nini kwa kinyozi?”

“Dada, mimi siulizi watu hivyo, ndiyo maana bado wanakuja.” Mwenye upara amehamia Asunción.

Muuguzi mmoja alikuwa nacho, akampitishia mgonjwa, mgonjwa akaruhusiwa kwenda nyumbani. Mwanamke wa duka la maua alikiri hakukipitisha, tukachangamka, akatuletea jalada. Kurasa za ndani mtoto wake alikuwa amezitengenezea mashua.

Ximena alirudi akicheka na kulia kwa pamoja. Nilimshikia mkoba.

Jumanne, 14 Mei

Mama yake Fermín amekuja na basi kutoka Gálvez. Mama Hebe. Amefikia kwangu, kwenye kitanda, nami nimelala sakafuni chini ya vitabu vya Montevideo na Resistencia. Olmedo alimpigia simu bila kuniuliza.

Hana nakala. Fermín alimwahidi kumletea kwa mkono wake, wakati wa Pasaka.

Tulikula supu. Akazungumza juu ya bei ya viazi na jirani aliyefuga bata. Baada ya kuosha sahani, akiwa amenipa mgongo, akauliza:

“Ni hicho cha bluu?”

“Ndicho.”

“Naweza kukishika?”

Nikampa. Akakipima uzito mkononi, akakigeuza, akajaribu kufungua kurasa. Zikakataa, zimeshikana juu na ubavuni. Akanitazama kama mtu aliyekuta mlango umefungwa kwa ndani.

“Hufunguliwa kwa kisu, mama.”

“Basi kisu si kipo?”

Nikasema bado. Nikasema ni suala la muda mwafaka. Mimi, ambaye nimewazomea wakuu watatu wa kitivo kwa kutumia maneno hayo hayo.

Akakirudisha mwenyewe kwenye rafu. Akakosea mahali pake. Sijakisogeza.

Alhamisi, 16 Mei

Mkutano wa kundi. Ajenda moja: mimi.

Ximena hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema mama wa marehemu amesafiri kuja kusikia mwanawe aliandika nini. Alisema karakana inangoja. Alisema, “Komredi Leandra, nani alisimama humu ndani akatuambia kwamba kitabu kisichosomwa ni ardhi iliyozungushiwa ua?”

“Mimi.”

“Basi bomoa ua.”

Wengine wakagonga meza. Nilikuwa na majibu. Huwa ninayo. Nikasimama, nikasema kwamba maombolezo ni eneo ambalo umiliki wa pamoja haujapata kulijengea nadharia, kwamba – nikajisikia nikisema. Sentensi zilitoka zimenyooka, zimechanwa nywele, zimevaa viatu. Nikakaa katikati ya sentensi. Sijawahi.

Kisha Ximena akanong’ona, kwa upole: “Tusikikate basi. Tuingize simu humo katikati, tupige picha kidogo kidogo.”

“Kama daktari wa tumbo?” akauliza mmoja.

Wakacheka. Hata mimi mdomo wangu ulifanya kitu.

Nilichoshindwa kuwaambia nakiandika hapa. Siogopi kwamba nikikimaliza Fermín atakuwa hana neno jipya la kuniambia. Hiyo ni huzuni ya kwenye filamu. Naogopa nitakata, nitasoma, na itakuwa karatasi. Kama uzi ulivyokuwa uzi. Vitabu vingine vikinyamaza mbele yangu naweza kungoja. Hiki kikinyamaza, sijui nitakuwa nimebakiwa na nini.

Jumapili, 19 Mei

Mvua tangu alfajiri. Mvua ikinyesha watu hukaanga maandazi, hiyo ni sheria, na Mama Hebe si mvunja sheria. Alitafuta mafuta ya ng’ombe katika kabati langu, akakuta gundi na vizibo, akaguna, akaenda dukani.

Tulikula tukiwa tumesimama, yakiwa ya moto. Akasema hakulia mazishini. Nikasema nilimwona. Akasema: “Nami nilikuona. Nikasema, huyo naye halii. Nilifika nyumbani nikakaanga haya haya. Watu wakala, wakasifu.”

Basi nikamwambia. Yote, ile hofu ya karatasi. Nilitumia maneno machache kuliko nilivyozoea.

Alitafuna hadi akamaliza.

“Na yakiwa mabaya je?”

“Nini, mama?”

“Mashairi. Umewahi kufikiria kwamba yanaweza kuwa mabaya?”

Sikuwahi. Kwa kiapo. Nimekihofia kitabu kile kwa kila njia ya kifalsafa, ila hiyo.

“Kila siku ya akina mama alikuwa akiniandikia kadi,” akasema. “Mwanangu, Mungu amrehemu, mashairi yake yalikuwa mabaya! ‘Mama, wewe ni jua la maziwa.’ Jua la maziwa ni kitu gani? Wewe umesoma, hebu niambie.”

“Ni sitiari iliyo–”

“Ni upuuzi. Ninazo zote, sandukuni.” Akafuta mafuta vidoleni, kimoja kimoja. “Mimi sikuja kusikia kitu kizuri, mwanangu. Nilikuja kumsikia. Akisema upuuzi, nisikie upuuzi. Wewe kama huwezi kukata, sema, nitamwomba yule msichana mwembamba.”

Msichana mwembamba ni Ximena. Nikasema nipe siku chache. Akasema tiketi yake ya kurudi ni ya Jumapili ijayo, nisimfanye aibadilishe.

Jumatano, 22 Mei

Nimekata mkunjo mmoja.

Ilikuwa asubuhi, jikoni, Mama Hebe akiwa na kibuyu chake cha yerba. Nilichukua kisu cha mkate, kisu butu, ndicho kinachofaa. Kikali huteleza na kula maandishi. Karatasi ya Olmedo ni nene, ina vinyweleo. Ilifunguka kwa sauti ya mtu anayevua soksi. Unga wake mweupe ukadondoka juu ya meza.

Nilisoma kimoyomoyo kwanza. Shairi la friji. Friji ya kijani, jikoni Gálvez, inayonguruma usiku kama ng’ombe aliyesahauliwa nje, na mtoto anayeamka kwenda kuifungua ili tu aone kuwa ndani kuna taa.

Nikangoja.

Hakuna. Nilitambua ustadi wa mstari wa tatu. Nilitambua kwamba wa nane umezidi. Nilikuwa kama mhadhiri msaidizi anayesahihisha. Kifuani – kama samani, hakuna kilichosogea. Lile nililoliogopa lilikuja, likaketi, na nikaona kwamba bado napumua.

“Soma basi,” Mama Hebe akasema. “Hotuba unaziweza.”

Nikalisoma kwa sauti. Nilipofika kwenye friji akaweka kibuyu chini.

“Haikuwa ya kijani.”

“Imeandikwa kijani, mama.”

“Nyeupe! Nyeupe, niliinunua mwenyewe, ya kijani ilikuwa ya dada yangu Elvira. Na yeye hakuwa akiifungua kutazama taa, alikuwa akila jibini. Mwongo huyu. Endelea.”

Nikaendelea. Akabisha ng’ombe. Akabisha saa. Mahali pa taa hakubisha. Aliinuka, akaenda dirishani, akarekebisha pazia ambalo halikuwa na kasoro. Kisha: “Rudia hapo pa uongo.”

Nikarudia. Sikuhisi kitu, naliandika tena ili nisijidanganye baadaye. Lakini niliona. Maneno yalitoka kinywani mwangu yakiwa mbao, yakavuka meza, na upande wa pili yalikuwa yakimfanya mwanamke wa Gálvez agombane na mwanawe. Mimi nilikuwa mahali yalipopita tu. Nadhani hiyo pia ni kazi.

Akataka mkunjo wa pili. Nikashika kisu, nikakiweka. Si kwa hofu ile. Nilifikiria tu kwamba jikoni hamna watu wa kutosha, na kwamba sitaki kuwa masikio ya pekee pamoja naye, masikio yenyewe yakiwa haya.

“Mama, unaweza kungoja mpaka Jumamosi?”

“Jumamosi ni sikukuu ya taifa.”

“Ndiyo maana.”

Akafikiri. “Watakuwepo wengi?”

“Nikiwaita, watakuja.”

“Basi waite. Ila waambie nitasema ninachotaka.”

Nimekaa sasa kuandika tangazo. Mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu. Mkono umeanza wenyewe, na sijui kama ni mimi au ni mazoea:

Ndugu zangu wa katoni na gundi, mnaitwa. Jumamosi, tarehe ishirini na tano, taifa litakapokuwa limelala baada ya mchuzi wa lokro wa sikukuu, saa kumi na moja jioni, karakanani kwa Olmedo. Kitabu cha Fermín kitakatwa. Kila mtu mkunjo mmoja, anaukata, anausoma kwa sauti, Olmedo anaokota herufi. Visu butu tu. Anayelia alie, asiyelia asiulizwe. Kiti cha mbele kisikaliwe: ni cha Mama Hebe, apate kubisha.