Isale la Baba

Umbwe, Kibosho,
Moshi.
14 Desemba 1951

Mpendwa Dada Kornelia,

Shikamoo dada. Habari za Tabora, na za shemeji Primus na watoto? Sisi huku miili ni mizima. Mvua za vuli zimekuwa nzuri na migomba imesimama. Mke wangu Mektrida anauliza kama umetutupa jongoo na mti wake, maana tangu Pasaka hatujaona barua yako.

Simu ya maandishi niliyokupigia ya kifo cha ndugu yetu Sirili ilikuwa na maneno sita tu. Haya ndiyo yaliyobaki, na nakuomba uyasome peke yako.

Unakumbuka Baba alivyomfukuza Sirili mbele ya ukoo kwa ajili ya mpaka wa kihamba chetu cha migomba, akasema hana mwana wa jina hilo. Miaka tisa ikapita. Mwezi wa kumi tukapata barua kutoka Pangani, alikokuwa akikata mkonge, kwamba anaumwa kifua na anatamani kumwona mtu wa nyumbani. Nilimsomea Baba. Kesho yake alfajiri alikata isale, jani letu la kuombea radhi, pale mpakani, akalifunga fundo kwa mkono wake, akalizungusha jani la mgomba. "Mpelekee mwanangu," akasema. "Mwambie mimi ndiye niliyekosa." Dada, umewahi kusikia baba akimtolea mwanawe isale? Mimi sijawahi. Nililia mbele yake bila aibu.

Nilipanda treni hadi Tanga, baiskeli yangu ikiwa kwenye behewa la mizigo. Basi la Pangani lilikuwa bovu, nikaondoka kwa baiskeli kabla ya jua.

Nikueleze ukweli: nilifurahi. Nilijua ninakwenda kwa mgonjwa, lakini njia ile haina mlima wa kukutoa roho kama yetu ya Kibosho. Mkonge umepangwa mistari mpaka macho yanachoka, halafu minazi, halafu ghafla bahari upande wa kushoto. Sikuwa nimeiona tangu nizaliwe. Nilipiga kengele peke yangu njiani kama mwendawazimu. Watu walicheka, nami nikacheka nao.

Karibu na Kigombe jua likawa kali, nikaona isale limeanza kulegea. Isale lililonyauka unampaje mtu? Nikafanya kama tunavyofanya hapa nyumbani: nikalitia majini ukingoni, nikaliwekea jiwe, nikajilaza kivulini kidogo tu. Mfongo wetu wa kumwagilia migomba unaujua. Ukibana kitu kwa jiwe asubuhi, jioni unakikuta hapohapo. Nani aliwahi kuniambia kwamba maji ya bahari hupanda?

Nilipoamka jiwe halikuonekana. Maji yalikuwa yamefika karibu na gurudumu la baiskeli. Nikaingia na nguo zangu, nikapapasa mchangani, nikakimbia ufuoni huku na huku. Wanawake waliokuwa wakirudi na vikapu vya pweza wakaniambia maji yanajaa, ningoje yapwe. Nikangoja. Ndiyo, dada, nilingoja, maana niliona siwezi kufika mikono mitupu na neno zito kama lile. Yalipopwa, jiwe nililiona. Isale sikuliona.

Nilifika Pangani jua linazama. Mama Mwanajuma, mwenye nyumba aliyopanga Sirili, alinipokea mlangoni, akanishika mabega. Sirili alikuwa amekata roho alasiri. Tangu asubuhi alikuwa akiuliza kama mtu wa Moshi amefika. Kama nisingelala, ningemkuta. Kama nisingengoja jani, ningemkuta. Neno la Baba lilikuwa kinywani mwangu, halikutaka isale ili lisemwe.

Tulimzika asubuhi. Kisha Mama Mwanajuma akanionyesha debe lililokuwa kando ya mlango, limepandwa isale. Sirili alilichimbua mpakani kwetu siku aliyoondoka, akalimwagilia miaka tisa. Alimwambia ni la kumwomba baba yake radhi siku atakayorudi.

Nililifunga debe kwenye keria nikarudi Tanga. Bahari ilikuwa upande wa kulia, sikuitazama.

Nilipofika nyumbani, Baba aliuliza, "Alilipokea?" Nikamwekea debe mbele yake, nikasema, "Hili ni lake, amekuletea wewe." Baba akalikumbatia debe lile, udongo ukamwagika kifuani mwake. Ameamini walipeana. Nilikuwa na nafasi ya kusema, nikanyamaza.

Amelipanda palepale alipokata lake. Kila jioni huniita tukae karibu nalo. Jana akaniuliza, "Rogath, alilishika kwa mkono gani?"

Nikasema, "Wa kulia, Baba."

Dada, ukija atakwambia habari hiyo kwa furaha, neno kwa neno, na mkono atakuonyesha. Mimi nitakuwa nimekaa hapo. Fanya utakavyoona ni haki, lakini mtazame uso kwanza.

Msalimie shemeji Primus, na watoto wote. Filemon wa jirani na shangazi Salvina wanakukumbuka. Mungu awalinde njiani mkija, na amlaze Sirili mahali pema.

Ni mimi mdogo wako, akupendaye na kukungoja,

Rogath