Mama Ameifua Mbeleko ya Makumbusho

Manga, Jumapili, Mei 1974

Mvua ilianza kabla sijawasha moto na mpaka saa hii haijachoka. Naandika nimesimama, daftari juu ya cherehani, kwa sababu nikikaa tu Kwamboka anaamka mgongoni na kuanza upya. Anaota meno. Mimi naota usingizi.

Nimekasirika. Na niliyemkasirikia, mama mkwe wangu, yuko jikoni anaimba.

Mwezi uliopita alikuja dada mmoja wa makumbusho huko Nairobi. Nilidhani anatafuta vitu vya kale, nikamwelekeza kwa wazee wenye vigoda. Akasema vigoda wanavyo vya kutosha, na ngozi, na mikuki. Sasa wanakusanya nguo na kazi za mikono za watu wa siku hizi, sisi tulio hai. Akaona mbeleko niliyombebea mtoto, ile niliyoiunga kwa mabaki ya sare za shule ninazoshona, bluu, kijani na wekundu kidogo.

"Hii," akasema. "Lakini niwekee ilivyo. Madoa ya maziwa, hapa palipochanika, vyote. Usiguse kitu."

Angerudi leo na gari. Nikashona nyingine ya kumbebea mtoto, ile nikaikunja juu ya kabati.

Nakiri nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Alisema vitu vingi vya zamani vimeandikwa "Kisii" tu, kana kwamba vilijitengeneza vyenyewe. Changu kingeandikwa jina. Moraa, mshonaji, Manga. Tangu niache shule sijaona jina langu limeandikwa mahali isipokuwa kwenye kadi ya kliniki ya mtoto.

Halafu ikaja Ijumaa.

Kwetu hakuna kitu kichafu kinachoingia Sabato ya Jumamosi. Mama hufua hata matambara ya kushikia sufuria. Mimi nilikuwa nimepeleka sare sokoni Marani. Akaiona mbeleko juu ya kabati, akajua ni ya wageni, akaona aibu. Akaichemsha. Akaisugua kwa sabuni ya mche, akaianika, akaipiga pasi ya makaa, kisha akakaa na sindano akashona palipochanika kwa uzi mweusi.

Mweusi! Juu ya kijani!

Sikujua lolote, maana aliikunja akairudisha palepale. Leo dada amefika, viatu vimejaa matope, nikamkunjulia mbeleko inayong'aa kama kitambaa cha meza cha mchungaji.

"Mama Kwamboka," akasema polepole, "si tuliongea?"

Ikabidi nitafsiri, maana Mama hajui Kiswahili zaidi ya kile cha kununulia chumvi, na mtoto analia sikioni mwangu.

"Mwambie," Mama akasema kwa Kigusii, "mke wa mwanangu hawezi kwenda Nairobi na matapishi ya mtoto. Watasema boma hili halina maji."

"Anasema samahani," nikatafsiri.

"Sijasema samahani!" Neno hilo kumbe analijua.

Dada akacheka. Kisha macho yake yakahamia mgongoni kwangu. Mbeleko hii ya pili ina madoa tayari, mengine ya leo leo.

"Na hiyo?"

Nikasema hapana. Kwa upole, lakini hapana. Mtoto ndiyo kwanza alikuwa amenyamaza, na mvua ile, na meno yale. Akasema hajui gari litarudi lini upande huu. Nikamwambia naelewa. Nikaliona jina langu likishuka mlima bila kuandikwa.

Ndipo Mama akaichukua ile safi, akamsukumia mkononi pamoja na ndizi mbivu. "Achukue! Tangu mtoto huyu azaliwe ninaifua kila Ijumaa. Leo ndiyo imekuwa kosa?"

Hilo nililitafsiri neno kwa neno, kwa hasira, ili dada asikie ninaishi na nani. Lakini dada hakucheka. Aliigeuza mbeleko, akautazama ule mshono mweusi unaopinda kama njia ya mbuzi, akaupitishia kidole.

"Kila Ijumaa?" akauliza. "Basi hata hii ni sehemu ya maisha yake. Naichukua. Niandike nani?"

Ningesema mimi. Kidogo tu niseme mimi.

"Andika wawili. Moraa ameshona. Bosibori, mama mkwe wangu, amefua na kutengeneza."

Akaniangalia kana kwamba nina moyo mwema. Ukweli ni kwamba sitaki mtu yeyote Nairobi adhani ule uzi mweusi ni wangu.

Nilipomweleza Mama, aliuliza mara mbili kama jina lake litakaa huko hata akishakufa. Nikamwambia ndiyo. Akageuka kutafuta kuni, na kuni zilikuwa miguuni pake.

Sasa amekwisha kuwaambia majirani kwamba jina lake limepanda gari kwenda Nairobi. Langu amelisahau. Hata ndizi zile, anasema dada alizipenda kuliko mbeleko.

Hasira hii niipeleke wapi?

Ijumaa ataniomba hii iliyo mgongoni, na nitampa, maana inanuka na mimi mwenyewe naisikia. Lakini nitaitoa pamoja na uzi wa kijani, tayari kwenye sindano.