Shairi Lililopanda Jukwaani Bila Wenyewe

Kangemi, Nairobi
Jumapili, baada ya kanisa

Kwako Dada Rasoa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mguu wa Mama umepungua kuvimba. Bado anaukanda kwa maji ya chumvi, au ameanza tena ule ubishi wake wa kusema umepona huku anachechemea? Mwambie nimeuliza. Na mahindi je? Huku mvua imenyesha mpaka tumechoka nayo. Mimi mwili ni mzima, nakula na kwenda kazini kama kawaida. Moyo ndio una kasoro, na ndiyo sababu umepata karatasi badala ya simu. Mambo haya nikiyaweka kwenye kikundi cha familia, Mjomba atanijibu kwa picha ya maua, nami sitaki maua.

Uliniambia shuleni kwenu wamekuja walimu wanne vijana wa mazoezi ya kufundisha, na kwamba wewe ndiwe utakayezungumza nao. Ukaniomba nikuandikie niliyojifunza huku, maana mwaka huu nimekuwa nikikusimulia darasa langu mpaka betri inazima. Nimekaa na ombi lako wiki tatu. Kila nikishika kalamu niandike mafunzo, nakasirika. Acha nikueleze kilichotokea, kisha wewe mwenyewe uchague cha kuwaambia.

Unanijua nilivyokuwa. Kengele ikilia naingia, ikilia tena nimeshatoka, na saa ya chakula niko ofisi ya walimu na simu yangu. Halafu paa la ofisi likaanza kuvuja, tena juu ya meza yangu hasa. Nikabeba sahani yangu ya githeri, yale mahindi na maharagwe ya kila siku, nikaenda kula darasani, Gredi ya Tano, kwenye dawati la nyuma. Usiwaambie hao vijana kwamba ndugu yako alikuwa na hekima. Ilikuwa mvua tu. Siku mbili za kwanza watoto walikula kimya kama watu wanaongoja kuhojiwa kazi. Siku ya tatu walinisahau, wakaanza kuongea. Dada, nilikuwa nimewafundisha muda wote huo bila kujua wanaongea.

Walikuwa wakizungumzia maji. Msichana mmoja, Mitchelle, ambaye hajawahi kuinua mkono darasani hata siku moja, alikuwa akiwaeleza wenzake kwamba yuko kwenye foleni ya maji tangu asubuhi, wakati huohuo yuko hapo anakula. "Mimi siko," akasema, "lakini mtungi wangu uko." Huku ndivyo ilivyo. Unauacha mtungi wako wa plastiki kwenye foleni unakushikia nafasi, na watu wenye adabu wanakusogezea. Nikaacha kutafuna. Nikamwomba arudie, nikaandika ubaoni. Mwenzake akaongeza mstari, mwingine akaupinga, wakabishana mpaka kengele ikalia na hakuna aliyeisikia, hata mimi. Wiki ilipoisha tulikuwa na shairi zima la kikundi. Mimi sikutunga hata neno moja. Kazi yangu ilikuwa kushika chaki.

Mama Mitchelle, ambaye anauza mboga za sukuma wiki sokoni, alikuja kuuliza kwa nini mtoto wake anachelewa kurudi nyumbani. Nikamwomba aketi asikilize. Alisikiliza na mikono kiunoni, halafu akanikatiza.

"Mwalimu, hapo umedanganya. Kwa foleni hakuna mtu husema 'naomba unipishe'. Unasema, 'Songa! Kwani hii maji ni ya babako?'"

Darasa lilicheka mpaka wengine wakalalia madawati. Tukaandika hivyo hivyo. Baada ya siku hiyo wazazi wakawa wanapitia dirishani. Fundi mmoja wa viatu akaja kuwafundisha kupiga mitungi kama ngoma, kila mtoto na wake kutoka nyumbani, na kule nyumbani watu wakawa wanateka maji kwa ndoo na sufuria. Nilianza kujua nani anakaa wapi na nani anaishi na nyanyake, mambo ambayo kwa miaka minne sikuwahi kuyauliza. Sijawahi kufurahia kazi hii kama miezi hiyo, Dada. Nilikuwa naamka na hamu ya kwenda shule.

Sasa nije kwa Zablon. Ndiyo, Zablon huyo huyo niliyesoma naye chuo, ambaye ulimkaangia kuku alipokuja matanga ya Baba, na akabeba jeneza mbele yangu. Ndiye aliyenitafutia kazi hii, na miaka miwili tulilala chumba kimoja hapa Kangemi. Mwenye shule, ambaye sote tunamwita Madam, ana shule mbili zenye jina moja na sare moja ya kijani. Hii yetu ni ya mabati nyuma ya soko. Ile nyingine iko Kilimani, ina vigae sakafuni, na watoto wanaletwa kwa magari. Zablon alipofanywa naibu wa mwalimu mkuu kule Kilimani, alihamia mtaa wa Satellite kwenye nyumba ya vyumba viwili. Hata hivyo hakutusahau. Alikuja mara tatu kutazama mazoezi, akala githeri na watoto, akawarekodi kwa simu yake. Nikawaambia watoto, huyu ni ndugu yangu, msimwogope.

Zilipobaki wiki mbili tufike kwenye tamasha la mashairi na maigizo ya shule, ambalo Gredi ya Tano walikuwa wakilifanyia mazoezi, Zablon akanipigia simu. "Madam anataka uje Kilimani uwasaidie watoto wa huku na kitu chao kidogo." Nikaenda. Nilipoingia ukumbini nikakuta watoto ishirini wamepanga mstari, na msichana mmoja mbele akaanza kwa sauti safi ya mtangazaji: "Mimi siko, lakini mtungi wangu uko."

Zablon alikuwa pembeni na karatasi. Alikuwa amelipiga chapa shairi lote kutoka kwenye ile rekodi, pamoja na "Songa!" ya Mama Mitchelle, na chini ameandika jina la shule peke yake.

"Zablon, hii ni nini?"

"Brathe, usianze," akasema polepole, watoto wasisikie. "Shule ni moja. Sare ni moja. Madam ameona hawa watafika mbali, wamezoea kusimama mbele ya watu."

"Na wenyewe?"

"Wenyewe watakuja kushangilia. Basi litawachukua. Na hata wewe uko kwa mpango, Enos. Kuna nafasi huku, nimekutetea sana."

Mtu aliyelala chumba kimoja na mimi, tukigawana mkate, alikuwa amenizunguka hivyo, na bado alitaka nimshukuru. Ningetoka pale wakati ule ningekuwa na haki ya kumtukana leo bila kigugumizi. Sikutoka. Nilibaki siku nane. Niliwafundisha watoto wale namna mtu anavyoinama akiinua mtungi uliojaa, na namna anavyotembea maji yasimwagike. Mtoto mmoja akaniuliza, "Ticha, kwani huyu mwenye mtungi hana mfereji wa maji kwa nyumba?" Hakuwa na dharau, alitaka kujua, nikamweleza. Wale watoto hawana kosa lolote. Yule msichana wa mbele ana kipaji kweli, na hilo pia lilinikera.

Siku hizo nane Gredi ya Tano walikaa bila mwalimu, isipokuwa mwalimu wa darasa jirani alikuwa akiwachungulia. Niliporudi niliwakuta wamejifanyisha mazoezi wenyewe, na shairi limekuwa zuri kuliko nilivyoliacha. Zablon alikuwa ameniagiza jambo moja. Mitungi waliyonunuliwa watoto wa Kilimani ilikuwa mipya, inang'aa, haifanani na kitu cha kweli, kwa hivyo wa Kangemi waje na yao. Mitchelle akaniuliza, "Ticha, tunaenda na mitungi?"

Nikasema ndiyo, njooni nayo.

Nikaishia hapo. Nilijiambia Madam mwenyewe atawaeleza, au Zablon, au mtu yeyote asiye mimi.

Siku ya tamasha walifika shuleni mapema kuliko basi. Sare zimepigwa pasi, miguu imepakwa mafuta inang'aa, na mitungi wameisugua kwa mchanga na sabuni mpaka imekuwa kama ya dukani. Zablon alipoiona akasonya. Alikuwa anataka ile ya uchafu. Tulipofika kwenye ukumbi huko katikati ya jiji alisimama mlangoni akaipokea mmoja mmoja. "Leteni, leteni, nyinyi mkae pale juu." Walidhani anawasaidia kubeba. Mmoja alimwambia asante.

Wakakaa. Zikapita shule nne au tano. Kisha likaitwa jina la shule yetu, na watoto wangu wakasimama. Wote kwa pamoja, Dada, wakachomeka shati, wakashikana mikono kama tulivyokuwa tumezoea. Hapo ndipo pazia lilipofunguka na sare za kijani za Kilimani zikatoka upande wa pili. Mwalimu mmoja wa nyuma akawaambia, "Ketini, mnatuziba." Wakaketi.

Shairi lilikwenda vizuri sana. Ilipofika "Songa!" ukumbi mzima uliangua kicheko. Mitchelle hakuwa anatazama jukwaa. Alikuwa amegeuka, ananitazama mimi.

Walishinda kombe. Zablon akaja akanikumbatia, "Tumeshinda, brathe!" Nikamtoa mikono. Nikamwambia kuku wa kwetu alimla bure, na asikanyage tena kwa mama yangu mpaka siku atakapoketi mbele ya wale watoto awaeleze alichofanya. Alicheka kwanza, akidhani ni utani. Alipoona si utani akaninong'oneza, "Na wewe hizo siku nane ulikuwa unafanya nini?" Ninamchukia kwa yale aliyoyafanya, na ninamchukia zaidi kwa swali hilo.

Jumatatu niliingia darasani na sahani yangu. Watoto wakanisalimu vizuri, wakala, hakuna aliyeongea. Nikaweka kijiko chini nikawaambia: nilijua. Mitchelle akainua mkono. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nianze kumfundisha.

"Ticha, ulijua tukiwa kwa basi, ama ulijua mbele?"

"Mbele."

"Mbele ya kupiga pasi?"

"Mbele ya kupiga pasi."

Akashusha mkono, akaomba ruhusa kwenda kuosha sahani.

Jioni nilipita sokoni kumwona mama yake. Hakunitukana, na ningependa angenitukana. Aliendelea kukata sukuma, akasema, "Mwalimu, mimi nilikupea maneno yangu nikijua ni ya watoto. Ungeniuliza." Nikanunua mboga kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu. Hakuniongezea majani kama zamani.

Madam amenipa barua ya kuhamia Kilimani. Nimeikataa. Usinisifu kwa hilo. Kule ningekutana na Zablon kila asubuhi, na hapa angalau ninakutana na watu ninaopaswa kuwaangalia machoni. Nimemwandikia Madam pia kwamba shairi lina wenyewe, nikaorodhesha majina ya watoto na ya Mama Mitchelle. Hajajibu.

Basi hao vijana wako, waambie wale chakula na watoto. Waambie wawaite wazazi ndani badala ya kuwaongelesha getini, na wakisikia mtoto amesema neno zuri waliandike na jina lake pembeni, siku hiyo hiyo. Kisha waambie siku watoto watakapochukuliwa kitu chao, mwalimu ndiye awe wa kwanza kuwaambia, hata kama sauti inamtetemeka. Hilo la mwisho sikulifanya, kwa hivyo useme ni lako.

Nisalimie Mama, na mguu wake. Nisalimie shemeji yangu, na wale pacha wako wanaonidai mpira. Mjomba mwambie niko salama na namwombea. Mzee wa kanisa aliyeniandikia barua ya kuja Nairobi, mpe mkono wangu. Mtu wa huko akikuuliza habari za Zablon, sema hujui.

Nilitaka kufungia hapo, ila jana kuna jambo nililiona. Nilikuwa nimerudi shuleni kuchukua vitabu vya kusahihisha, nikasikia sauti darasani kwetu. Walikuwa kumi hivi, Mitchelle amesimama ubaoni na chaki, na mwingine anampinga. Wanatunga kitu kipya. Sikusikia maneno vizuri, lakini ubishi niliutambua, ni ule ule. Nikasukuma mlango nikiwa nimeshaanza kutabasamu. Mitchelle akachukua kitambaa, akafuta ubao wote kwa utaratibu. Kisha wakasimama, wakaniambia kwa pamoja, "Habari ya jioni, mwalimu," wakangoja nitoke.

Nikatoka, nikawafungia mlango.

Ndugu yako akupendaye,
Enos