Tope Lililochovywa Mkate

Jumatatu, 4 Machi
"Mafuta yaliyomo kwenye tope la ghuba yametokana na moshi wa majiko ya kuchomea samaki." Hivyo ndivyo alivyoandika Injinia Shawkat, mkuu wa gati la mafuta, gazetini leo. Moshi! Meli zinapakua mafuta mlangoni kwake, yeye anamwona Umm Zizi na mkaa wake. Alhamisi ya wiki ijayo baraza la mji litaamua kama majiko yote ya ufukweni yafungwe; nimeomba nami nizungumze. Umm Zizi anachoma mkizi pale tangu sijaolewa.

Nimesoma ripoti yake. Amepima mchanga! Mchanga unasuuzwa na maji. Mafuta hung'ang'ania tope laini, na humo hukaa miaka. Huyu ananusa kitunguu kwenye sahani iliyokwisha kuoshwa.

Maji yalipokupwa nikavaa buti za mpira, nikachota tope kando ya gati. Chupa ya kioo tu — plastiki ina mafuta yake. Iliyokuwepo ni ya asali nyeusi, ile ya miwa. Nimeiosha mara nyingi, nimeijaza, iko kwenye friji.

Jumanne, 5 Machi
Ramzi! Mume wangu kaja na njaa, kakuta chupa, kamimina tahini, ule uji mzito wa ufuta, kakoroga, kachovya mkate. Nimemkuta anasukutua. Ananiambia asali imeoza, niirudishe dukani. Nikamweleza imetoka chini ya gati. Akakaa.

"Bibi wee, wenzio wakichoka na mume wanadai talaka. Wewe unamlisha ghuba nzima ya Suez?"

Nimekimbia kuchota tope jingine. Mashine inachimba kando ya gati, imekwishakomba lote. Mlinzi anasema ni usafi. Usafi, siku tisa kabla ya kikao!

Jumapili, 10 Machi
Nilikuwa nimempelekea Daktari Nevin wa maabara chupa hiyohiyo. Alinusa, akauliza kama nimemletea kifungua kinywa.

"Ufuta nitautoa," akasema. "Aibu utaitoa mwenyewe."

Leo majibu. Mafuta ghafi, hayajapita motoni — mengi mno. Na masizi ya moshi, kidogo. Nimemwomba hayo ya moshi ayaandike kwa herufi ndogo. Kakataa. Na tahini kaiandika!

Nimemwambia Umm Zizi, nikijiandaa kwa machozi. Hakuacha hata kupepea mkaa.

"Moshi wangu umo? Semeni umo. Ningekuwa sina moshi ningeuza aiskrimu."

Alhamisi, 14 Machi
Ukumbini, mapumziko. Shawkat kausoma ule mstari wa tahini kwa sauti, polepole, kama anaimba. Kicheko! Mwenyekiti kamwita Ramzi athibitishe. Kasimama na tai yake ya harusi, kakiri kula. Kaulizwa ladha yake.

"Kituo cha mafuta, Mheshimiwa. Mkizi wa Umm Zizi namla kila Ijumaa, ningemtambua."

Wamecheka tena. Safari hii Shawkat hakucheka.

Wanaturudisha ndani. Zamu yangu, na kura inafuata. Naandika nisije nikaanza matusi:

Wajumbe wa baraza, nawe Mwenyekiti, chupa yangu iko mezani, pamoja na tahini yake. Chekeni nyote mnavyotaka, ila msipige kura kwanza. Injinia kachimba tope la gati zima. Muulizeni sasa hivi, akiwa amesimama: kalimwaga wapi? Kisha mtupeleke tukalione.