Debe, Kikopo na Neno Sawa

Kaka yangu,

Shikamoo. Marahaba siitarajii, lakini salamu ni wajibu wa mdogo.

Nakuandikia kutoka Marui, siku mbili baada ya arobaini yako. Nyuma ya jiko nimelikuta lile debe la mafuta ya taa, na kikopo cha maziwa ndani yake. Uliviokota mwenyewe kiangazi kile, ulipokuja likizo kutoka Kongowe ulikokuwa ukisomesha. Ukavisimamisha juu ya chupa kavu, kila kimoja na nyuzi mbili zinazoning'inia. Ukasugua kitana cheusi kwa blanketi, ukaligusisha debe mara nyingi, mpaka nyuzi zake zikaachana kama watu walionuniana.

Ukaniambia niunganishe debe na kikopo kwa waya. Niliushika kwa mkono mtupu, nyuzi zikaanguka zote.

"Umeimwaga chaji, umeme wote wa kitana, ardhini, mdogo wangu," ulisema. "Na ardhi haijai."

Mara ya pili uliligusisha debe kitana upya, tukafunga waya kwenye mshumaa, nikashika mshumaa. Nyuzi za debe zikashuka kidogo, za kikopo zikapanda, zikatulia kimo kimoja.

"Vimegawana sawa," nikasema.

"Kilicholingana ni potensheli," ulisema, kisha ukauona uso wangu. "Msukumo. Ukishalingana, chaji haihami tena. Lakini debe ni kubwa, limebaki na chaji nyingi kuliko kikopo."

Nilikubishia mpaka magharibi. Kwangu sawa ilikuwa sawa.

Ulipofariki, mama hakulia. Mimi nililia mbele za watu siku saba, na siku ya nane nikamwambia kwamba aliyekupenda ni mimi. Tukaishi nyumba moja bila kusemeshana, chakula akiniwekea mlangoni, nami nakila. Nilimkosea, na ninajuta.

Juzi, baada ya hitima, nilimkuta amekaa sakafuni. Anaikunja kanzu yako, anaikunjua, anaikunja tena. Nikakaa, nikashika upande wa pili wa kanzu. Hapo ndipo alipolia. Tulilia mpaka tukanyamaza kwa wakati mmoja.

"Uko sawa?" akaniuliza.

"Tuko sawa, mama."

Jibu lilikuwa na upungufu, nami nilijua. Tumelingana msukumo, kaka. Lakini debe ni yeye.

Mdogo wako,
Kikopo